Watu 157, mara mbili

Wadau, leo tuongelee ajali mbili za ndege zinazoihusu Nairobi. Kila moja ilikuwa na watu 157, na kila moja ilianza kuleta matatizo mara tu baada ya kuruka.

Ya kwanza ni ya Novemba 20, 1974. Boeing 747 ya Lufthansa, ikitokea Frankfurt, iliruka kutoka Embakasi kwenda Johannesburg. Ilipoacha ardhi tu ikaanza kutetemeka. Kumbe vipande vya mbele ya mabawa, vinavyoisaidia ndege kunyanyuka ikiwa bado na mwendo mdogo, havikufunguka. Vali za hewa inayovisukuma zilikuwa zimefungwa. Watu 59 walikufa, 98 wakanusurika. Ilikuwa 747 ya kwanza duniani kuua abiria.

Rubani hufundishwa kwamba likitokea tatizo, kwanza aiweke ndege hewani. Mmoja anashika usukani, mwenzake anasoma orodha ya hatua za dharura. Wakishapata kimo na mwendo salama, ndipo wanarudi kutua. Wale wa Nairobi hawakuwa na kimo chochote. Baada ya ajali hiyo ndipo Boeing ikaongeza mfumo wa kuwaonya marubani mapema.

Ya pili ni ya Machi 10, 2019. Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliruka Addis Ababa saa 2:38 asubuhi kuja Nairobi. Kifaa kimoja cha kupimia mwinuko wa pua kilitoa taarifa za uongo, na programu iitwayo MCAS ikawa inaisukuma pua chini. Nahodha Yared Getachew, miaka 29, ambaye mama yake ni Mkenya, na msaidizi wake walikata umeme wa bawa la mkiani, kama Boeing ilivyoelekeza baada ya ajali ya Lion Air ya Oktoba 2018 kule Indonesia. Lakini injini zilikuwa bado kwenye nguvu ya kurukia, na kwa mwendo ule gurudumu la kurekebisha kwa mkono halikuzunguka. Wakarudisha umeme. MCAS ikasukuma tena. Dakika sita tangu kuruka, wote 157 walikuwa wamekufa, 32 kati yao Wakenya.

Kabla ya Lion Air, MCAS haikuelezwa kwenye vitabu vya marubani. Hapo ndipo penye uzito. Rubani hodari anapambana na hitilafu anayoijua. Aliyefichwa anabahatisha, na sekunde hazimsubiri.

Hili si la Wakenya na Waethiopia peke yao. Mwaka 2023 Air Tanzania ilipokea 737 MAX 9, wakati huo programu ikiwa imesharekebishwa. Ndege hizo hupita juu ya Kipawa na Yombo, juu ya mabati yetu. Tuwaulize wakubwa wetu marubani wamefundishwa nini, si rangi ya ndege tu.