Yona na Yunus: Nabii Mmoja, Hasira Mbili

Jumatano ya Juma la Kwanza la Kwaresima Kanisa husoma habari za toba ya Ninawi (Yon 3:1-10). Mwaka mmoja, baada ya Misa ya siku hiyo, mwamini aliniuliza kama Yunus anayetajwa na jirani zake Waislamu ndiye Yona wetu. Ndiye. Sura ya 10 ya Kurani inaitwa kwa jina lake, ingawa sehemu kubwa ya habari zake imo katika sura ya 37, aya ya 139-148, na dua yake katika sura ya 21.

Nabii anakimbia, anapanda merikebu, kura inamwangukia, anamezwa na samaki, anaomba, anaokolewa, na mji unatubu. Katika hayo hakuna ubishi. Tofauti imo katika mmea, ambao wasomaji wengi huupita haraka. Katika Kurani, Yunus anatupwa ufukweni akiwa mgonjwa, na Mungu anamwoteshea mmea wa jamii ya mung'unye. Ndipo aya inayofuata inataja kutumwa kwake kwa watu laki moja au zaidi, nao wakaamini. Katika kitabu cha Kiebrania mmea unaota mwishoni kabisa, Ninawi ikiwa imekwisha kusamehewa, na kesho yake mdudu anautafuna.

Hasira imo katika vitabu vyote viwili. Yunus anaondoka amekasirika mwanzoni, kisha anainuliwa. Yona anakasirika mwishoni, kwa kuwa Mungu amewahurumia adui wa Israeli; yeye mwenyewe anasema ndiyo sababu iliyomfanya akimbie (4:2).

Vivyo hivyo katika sala. Akiwa gizani Yunus anakiri kwamba amekosa, na Waislamu wengi huomba kwa maneno hayo wakati wa dhiki. Yona anaimba zaburi nzuri ya shukrani isiyo na neno hata moja la kuungama kosa lake. Hapa, nakiri, Yunus hunigusa zaidi. Mwenye kuketi kitubioni humfahamu vyema anayesali kwa ufasaha pasipo kutaja dhambi.

Kitabu cha Yona kinamwacha nabii nje ya mji, Mungu akimwuliza kama haimpasi kuwahurumia watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi. Jibu halikuandikwa. Wayahudi hukisoma chote alasiri ya Siku ya Upatanisho.

Magofu ya Ninawi yamo Mosul, nchini Iraki. Mwezi Julai 2014 wapiganaji wa kundi lililojiita Dola ya Kiislamu waliulipua msikiti wa Nabii Yunus, ambamo kwa mapokeo limo kaburi lake. Mwezi huohuo Wakristo walifukuzwa mjini. Wakatoliki Wakaldayo wangali wanafunga siku tatu kila mwaka, kabla ya Kwaresima, kwa kuikumbuka toba ya Waninawi.