Kilichofichwa Nguoni: Bastola na Leseni Katika Historia ya Marekani

Mzee wa Muscat au wa Mji Mkongwe wa zamani alipovaa jambia, alilichomeka mbele, katikati ya mshipi, kila anayepishana naye alione. Lilikuwa silaha, lilikuwa pambo, na lilikuwa tangazo: mimi ni mtu wa nyumba fulani, na unaniona nilivyo. Kisu cha kwapani kilikuwa habari nyingine. Hicho kilikuwa cha mwizi, au cha mtu aliyetoka kwake na nia yake moyoni. Anayeielewa tofauti hiyo ameshaelewa nusu ya historia ya sheria za bastola nchini Marekani, kwa sababu huko nako, miaka mia mbili iliyopita, kosa halikuwa kubeba. Kosa lilikuwa kuficha.

Mwaka 1813 majimbo mawili, Kentucky na Louisiana, yalitunga sheria za kwanza za aina hiyo. Ile ya Kentucky ilivitaja vitu kwa majina: bastola ya mfukoni, jisu, sime, na upanga uliofichwa ndani ya bakora. Aliyekutwa navyo amevificha alitozwa faini isiyopungua dola 100, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Msafiri pekee ndiye aliyesamehewa. Mwenye kuning'iniza bastola yake kiunoni, mchana kweupe, alipita zake bila kuulizwa. Mahakama ya juu ya Louisiana ilikuja kulieleza jambo hilo mwaka 1850 kwa namna ambayo mzee wetu wa jambia angeikubali: silaha ya wazi inawaweka watu sawa wanapokabiliana, na ya kufichwa inaleta mauaji ya kuviziana ambayo si ya kiume.

Aliyekwenda kulijaribu katazo hilo alikuwa bwana mmoja wa Kentucky aliyeitwa Bliss. Bakora yake ilikuwa na upanga ndani. Alitozwa dola zake 100, akakata rufaa, na mwaka 1822 akashinda. Majaji walisema katiba ya jimbo haikutenganisha silaha iliyofichwa na iliyo wazi, basi bunge nalo halina ruhusa ya kutenganisha. Uamuzi huo haukupata wafuasi wengi. Mahakama za majimbo mengine ya kusini ziliendelea kuruhusu katazo, na mwaka 1850 Kentucky yenyewe ilibadili katiba yake ili bunge liweze kuzuia silaha za kificho. Kwa hiyo kesi ya bakora iliishia kuwa ushindi wa bwana Bliss peke yake.

Mafundi nao hawakulala. Samuel Colt alipata hataza ya bastola yake ya silinda inayozunguka mwaka 1836. Henry Deringer wa Philadelphia alishughulika na kitu kidogo zaidi, bastola ya risasi moja inayoenea kwenye kiganja na kupotea ndani ya mfuko wa kizibao. Ile ambayo John Wilkes Booth aliingia nayo kwenye ukumbi wa maonyesho wa Ford, usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, ina urefu wa sentimita 15 hivi, karibu sawa na kalamu moja. Alimpiga nayo Rais Lincoln risasi ya kichwa kwa nyuma. Imehifadhiwa katika makumbusho ya jengo hilohilo mjini Washington.

Sisi tuliokulia kwenye filamu za kauboi tuliaminishwa kwamba huko magharibi kila mwanamume alitembea na bastola mbili na hakuna aliyemwuliza. Tombstone, katika Arizona, ndio mji maarufu kuliko yote katika hadithi hizo. Mwezi Aprili 1881 baraza la mji huo lilipitisha amri namba 9: marufuku kubeba silaha ya kuua ndani ya mipaka ya mji bila kwanza kupata kibali cha maandishi. Mgeni aliyeingia alitakiwa kuiacha bastola yake. Asubuhi ya tarehe 26 Oktoba mwaka huo, mkuu wa polisi wa mji, Virgil Earp, alimkamata Ike Clanton akiwa na silaha, hakimu akamtoza faini. Mchana wake Earp na wenzake wakawafuata Clanton na kundi lake karibu na zizi la O.K. Corral, wakiwataka wasalimishe silaha. Risasi kama thelathini zikafyatuliwa ndani ya nusu dakika, watu watatu wakafa. Filamu zimesimulia sana nusu dakika ile. Kilichowapeleka Earp na wenzake barabarani, yaani sheria ya kibali cha silaha, hupitwa haraka haraka.

Hadi hapo leseni inaonekana kitu safi: karatasi ya kuutuliza mji wenye walevi na wacheza kamari. Lakini leseni ina mwandishi, na mwandishi ana macho ya kuchagua. Hapa ndipo historia hii inapoanza kunuka.

Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na watumwa kuachwa huru, bunge la Mississippi liliharakisha kutunga sheria. Mtu mweusi aliyeachwa huru, asiye askari, hakuruhusiwa kuweka wala kubeba bunduki, risasi au jisu bila leseni ya bodi ya wilaya yake. Bodi hiyo, bila shaka, ilikuwa ya wazungu. Na silaha iliyokamatwa ilikuwa haki ya aliyepeleka taarifa, kwa hiyo jirani mwenye tamaa ya bunduki ya mwenzake alijua pa kwenda. Marekebisho ya 14 ya katiba, mwaka 1868, yalizuia sheria zinazotaja rangi waziwazi namna hiyo. Basi zikaandikwa bila kutaja. Florida, mwaka 1893, iliweka leseni na dhamana ya dola 100 kwa bunduki aina ya Winchester na nyingine zinazofyatua mfululizo, na baadaye ikaongeza bastola. Soma sheria hiyo asubuhi hadi jioni, hutaona neno mweusi. Ilikuwa mwaka 1941 ambapo jaji wa mahakama ya juu ya Florida, Rivers Buford, alisema bila kuzungukazunguka: sheria ile ilitungwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua weusi, haikukusudiwa kwa wazungu, na haikuwahi kutumika juu yao.

Ushahidi mzito kuliko huo ni wa mtu ambaye dunia inamkumbuka kwa kukataa kumwaga damu. Usiku wa tarehe 30 Januari 1956 bomu lilirushwa kwenye baraza ya nyumba ya Martin Luther King mjini Montgomery, Alabama. Yeye alikuwa mkutanoni. Ndani walikuwemo mkewe na binti yao mchanga, wakanusurika. Alikuwa na umri wa miaka 27. Siku chache baadaye aliomba kibali cha kubeba bastola. Kama kulikuwa na mtu Marekani nzima mwenye sababu ya kuomba, alikuwa yeye. Wenye mamlaka walimnyima.

Msomaji wa pwani asione mambo haya ni ya mbali. Sayyid Said, Sultani wa Muscat na Unguja, alipotiliana saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, bidhaa zao zilifunguliwa mlango, lakini kifungu kimoja kilibana: bunduki, baruti na risasi kisiwani Unguja viuzwe kwa serikali tu. Katika bandari nyingine za Sultani, ruhusa kwa mwenye bei kubwa. Alijua anachokifanya, asiyetaka kupinduliwa huanza na mlango wa nyumba yake. Mwaka 1890, huko Brussels, mataifa ya Ulaya pamoja na Marekani yalikubaliana kuzuia bunduki zisiingie Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Bunduki za makampuni na majeshi yaliyokuwa yakiigawana Afrika hazikuguswa.

Tukirudi Marekani, New York ilikuja na sura yake. Tarehe 23 Januari 1911 mwandishi wa riwaya David Graham Phillips alipigwa risasi karibu na bustani ya Gramercy, adhuhuri, na mtu aliyeamini kwamba riwaya zake zinaiaibisha familia yao. Muuaji alijiua palepale. Mwaka huohuo seneta wa jimbo Timothy Sullivan, bwana mkubwa wa siasa za mitaa ya maskini, alipitisha sheria inayobeba jina lake mpaka leo: bastola yoyote inayoweza kufichika ilihitaji leseni. Mwaka 1913 ikaongezwa masharti kwa anayetaka kuibeba kwa kificho, kwamba awe na mwenendo mwema na awe na sababu ya kutosha. Wa kupima sababu hiyo alikuwa ofisa. Inasimuliwa kwamba wahuni wa mjini walishona mifuko ya makoti yao ili polisi wasiwapachikie bastola. Iwe kweli au utani, inaonyesha wananchi walimwona nani anaishika sheria.

Tangu hapo majimbo mengi yakafuata njia ya ofisa na hiari yake. Iliyoibomoa ni Florida tena, mwaka 1987. Chini ya msukumo wa Marion Hammer, mwanaharakati wa chama cha wamiliki wa bunduki, jimbo lilipitisha kwamba mwombaji akitimiza masharti yaliyoandikwa, serikali haina budi kumpa leseni. Umri, rekodi ya makosa, mafunzo. Zaidi ya hapo hakuna maswali. Miaka minne baadaye, mjini Killeen, Texas, mtu alilivurumisha gari lake ndani ya mgahawa wa Luby's, akaua watu 23 kwa risasi. Suzanna Hupp alikuwa mezani na wazazi wake. Bastola yake aliiacha garini, kwa kuwa sheria ya Texas ilimkataza kuibeba. Wazazi wote wawili waliuawa. Alilieleza tukio hilo katika kamati na mabunge, na mwaka 1995 Gavana George W. Bush alitia saini sheria ya leseni ya Texas.

Je, wananchi wanaobeba bastola kwa leseni wanapunguza uhalifu? Mwaka 1998 mchumi John Lott aliandika kitabu akisema ndiyo. Mwaka 2004 baraza la taifa la utafiti likapitia ushahidi na kusema hautoshi kuamua. Mwaka 2019 John Donohue na wenzake wakapata kinyume: uhalifu wa kutumia nguvu unapanda. Mimi naona uzito umeegemea upande wa Donohue.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliifuta ile sababu ya kutosha ya New York iliyodumu tangu 1913. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba haki ya kikatiba haiombwi kwa kumshawishi ofisa. Wengi walisoma hukumu hiyo kama kifo cha leseni. Sivyo: leseni zenye masharti ya wazi ziliachwa zisimame, na New York ikajibu kwa kudai saa 16 za darasani na saa 2 za kulenga shabaha. Nionavyo, hapo mahakama na jimbo, pasipo kukusudia, waligusa jibu. Bastola ya kificho inahitaji leseni, kwa kuwa jirani yangu kwenye basi hana namna ya kuiona na kujihadhari. Lakini masharti yaandikwe yote, yawe yaleyale kwa kila mtu, na kalamu ya kukataa isiachwe mkononi mwa mtu mmoja. Aliyemnyima King alikuwa na kalamu ya namna hiyo.

Majimbo mengi hayakungoja jibu hilo. Vermont haikuwahi kudai leseni, na mwaka 1903 mahakama yake iliifuta amri ya mji wa Rutland iliyojaribu. Alaska iliondoa sharti hilo mwaka 2003, Arizona 2010, Texas 2021, na Florida ya bibi Hammer mwaka 2023. Kufikia katikati ya mwaka 2024 majimbo 29 kati ya 50 yalimruhusu mtu mzima asiye na rekodi ya makosa kuficha bastola nguoni bila karatasi yoyote. Kentucky, iliyomtoza Bliss dola 100 kwa bakora yake, iliingia katika orodha hiyo mwaka 2019. La 29 ni Louisiana, mwenzake wa 1813. Sheria yake ilianza kazi tarehe 4 Julai 2024, sikukuu ya uhuru.