Mtaa Unatuua, Ushago Unatuzika

Kama umekulia Eastlands, picha ya Alhamisi usiku unaijua. Basi limeegeshwa kando ya Jogoo Road, jeneza limeshapakiwa, akina mama wamejifunga leso, na kuna jamaa mmoja bado anazunguka na daftari akikusanya pesa ya mwisho ya mafuta. Kukipambazuka basi liko Siaya, Kakamega ama Machakos. Mtu anazikwa, Jumapili tunarudi, Jumatatu tuko kazini.

Nimepanda hayo mabasi tangu nikiwa mdogo. Swali ambalo sikuwahi kuuliza ni hili: huyu tunayempeleka nyumbani, ugonjwa ulimpatia wapi?

Nauliza kwa sababu kila matanga lazima mzee mmoja aseme, "Ushago watu hawana presha. Ni Nairobi inamaliza watu." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ingine ndiyo inatuzika. Na zote mbili zina historia.

Tuanze 1929. Daktari Mwingereza anaitwa C. P. Donnison alikuwa akifanya kazi South Kavirondo, yaani pande za Kisii na Nyanza Kusini ya leo. Aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba kwa karibu miaka 2 hospitali yake ililaza wagonjwa kama 1,800, na hakupata hata mmoja mwenye shinikizo la damu. Akapima watu 1,000 hivi. Kwa Wazungu, presha ilikuwa inapanda na umri. Kwa watu wa Kavirondo, baada ya miaka 40 ilikuwa inashuka. Mwaka wa 1937 akatoa kitabu kizima, Civilization and Disease, akidai magonjwa kama haya yanaletwa na maisha ya kisasa yanavyobana akili ya mtu.

Vipimo vyake sina shida navyo. Watafiti waliokuja baadaye pia walikuta presha ya chini vijijini. Shida ni vile maneno hayo yalivyosikika masikioni mwa wakubwa. "Hawa watu, mahali walipo, hawana presha" ikageuka kuwa "Mwafrika hapati presha." Hapo ndipo ilipozaliwa ile imani kwamba presha na sukari ni magonjwa ya Wazungu na matajiri. Ukisikia mtu mtaani akisema leo, "Mimi presha nitoe wapi na sina pesa?", jua hiyo imani bado inatembea.

Sasa angalia Nairobi ya wakati huo. Serikali ya mkoloni ilitaka mikono ya mwanamume, haikutaka mwanamume mzima na familia yake. Ulitembea na kipande shingoni. Pumwani ndio ulikuwa mtaa rasmi wa Waafrika tangu miaka ya 1920, na nyumba nyingi zilizofuata zilijengwa za mabachela: chumba kimoja, vitanda kadhaa. Mke na watoto wabaki reserve. Hata mshahara ulipigwa hesabu ya mtu mmoja. Hayo si maneno yangu. Kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilisema hivyo mwaka wa 1954, ikapendekeza mshahara wa kulisha familia.

Maana yake? Mwanamume alikuja mjini akiwa kijana mwenye nguvu. Alikaa alipokuwa na faida. Akizeeka ama akiugua, kitanda kilichukuliwa na kijana mwingine, yeye akarudi nyumbani. Hakuna aliyepanga kuzeekea Shauri Moyo. Kwa hivyo ukihesabu vifo kwa kuangalia mtu alikufia wapi, jiji linatoka safi. Miaka 30 ya mwili wake imebaki mjini, lakini kifo kimeandikwa kijijini. Kama kimeandikwa popote.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Aliishi Eastlands karibu miaka 30, kazi ikaisha, akarudi ushago na godoro, redio na sanduku la mbao. Haikuchukua muda. Asubuhi moja alianguka shambani, mdomo umepinda, mkono wa kulia hausikii. Kijiji kizima kikajua ni nani amemroga. Kuna jirani ambaye hadi leo familia yetu haimsalimii vizuri. Nikisikiliza nyanya akieleza siku hiyo, nasikia kiharusi. Hakuna mtu aliwahi kumfunga ule mkanda wa presha mkononi, si mjini, si kijijini.

Nani alitegua hiki kitendawili cha mtaa na ushago? Kabla sijafika kwa jibu, kuna Wasamburu. Miaka ya 1960, watafiti wakiwa na daktari A. G. Shaper waliwapima vijana wa Kisamburu, morani waliozoea maziwa na kutembea, wakawalinganisha na wenzao walioingia jeshini wakaanza kula chakula cha kambi. Wa jeshini presha yao ilipanda. Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha.

Jibu lenyewe lilikuja miaka ya 1980, na linatuhusu sisi moja kwa moja. Kundi la watafiti wakiongozwa na Neil Poulter walienda kwa Wajaluo wa kando ya Ziwa Victoria. Badala ya kulinganisha watu wa kijiji na watu wa mji, ambao labda ni tofauti tangu mwanzo, walifuata watu wenyewe wakihama. Vijana 325 wa miaka 15 hadi 34 waliokuja Nairobi, na wengine 267 wa umri na maeneo yale yale waliobaki nyumbani. Waliwapima tena na tena kwa miaka 2. Matokeo yalitoka kwenye British Medical Journal mwaka wa 1990.

Waliohamia Nairobi presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao, na ilijionyesha mapema, si baada ya miaka 20. Uzito uliongezeka. Moyo ulikuwa ukidunda haraka zaidi. Mkojo wao ulionyesha chumvi imepanda na potasiamu imeshuka, ile potasiamu inayopatikana kwenye mboga, ndizi na viazi.

Utafiti huo haukuhesabu vifo, ulihesabu presha. Lakini presha ndiyo mlango ambao kiharusi na ugonjwa wa moyo hupitia. Na hao walikuwa vijana wa rika letu! Mtu ametoka kwa samaki na mboga za mamake, ameshuka kwa basi Machakos Airport, na mwili umeanza kubadilika kabla hajapata hata kazi ya kueleweka.

Je, Eastlands yenyewe? Kituo cha utafiti cha APHRC kimefuatilia familia za Korogocho na Viwandani tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Mtu akifa, mhojaji anakaa na jamaa zake na kuuliza dalili zilivyokuwa, kwa sababu wengi hufa bila daktari kuandika chochote. Hesabu za kwanza, 2003 hadi 2005, zilionyesha ukimwi na kifua kikuu pekee zikibeba kama nusu ya mzigo wa vifo kwa walio na miaka 5 na zaidi. Katika kilio kama hicho, nani angesikia presha?

Lakini ilikuwepo. Watu wazima zaidi ya 5,000 walipopimwa kwenye mitaa hiyo miwili mwaka wa 2008 na 2009, katika kila watu 5 waliokuwa na presha, ni kama 1 tu aliyejua anayo. Wale 4 walikuwa wanabeba mawe, wanauza mutura, wanapanda ngazi za ploti, na hawajui.

Sasa ile nusu ya uongo. "Ushago hakuna presha" ilikuwa kweli kwa kijiji cha Donnison. Kijiji hicho kimeenda. Leo duka la ushago lina mafuta ya kukaangia, sukari, soda na viungo vya pakiti kama duka la Kayole. Boda boda imechukua nafasi ya miguu. Na waliorudi kutoka mjini wamerudi na presha zao. Kitu ambacho hakijafika na hiyo soda ni mashine ya kupimia na dawa za kila mwezi. Kwenye uchunguzi wa kitaifa wa 2015, zaidi ya nusu ya watu wazima walisema hawajawahi kupimwa presha maishani. Wizara ya Afya inasema magonjwa yasiyoambukiza yalitoka asilimia 27 ya vifo vyote mwaka wa 2014 hadi asilimia 39 miaka michache baadaye.

Wenzetu wametutangulia kwa hiyo njia. Marekani, ambako moyo ulionekana zamani kama ugonjwa wa watu wa mjini, leo wanaokufa zaidi kwa magonjwa ya moyo ni wa mashambani. Mji ulipata hospitali na dawa, shamba likabaki na chakula kibaya na barabara ndefu. Sioni ni nini kitatuzuia kufuata hapo.

Kwa hivyo tuache kubishana kama ni mtaa ama ushago unaoua. Ni mtu mmoja, anaishi kote kuwili. Presha anaipatia huku, anaipeleka kule, na kati ya hizo safari hakuna anayempima. Tumekuwa wazuri sana kwa kuchangia jeneza, basi na ng'ombe. Mkutano mmoja wa matanga unakusanya pesa ambayo ingenunua mashine kadhaa za kupimia presha, na mashine moja inatosha ploti nzima.

Mimi nimenunua moja. Mamangu nilimpima hapa nyumbani, akakataa kuamini namba, akaniambia mashine imeharibika. Nilipima mara tatu. Sasa anameza dawa, na analalamika mboga haina chumvi.

Krismasi hii nikipanda basi la kwenda ushago, basi la watu wazima si la jeneza, mashine naibeba. Nitaanza na nyanya. Halafu nitaenda kwa yule jirani tusiyemsalimia, nimpime yeye pia.