Pikapu Kuukuu na Desturi ya Kutunza

Vitabu vya historia hupenda kutusimulia habari za siku ya kwanza: siku reli ilipofika, siku daraja lilipofunguliwa, siku gari lilipoonekana kijijini kwa mara ya kwanza. Siku zinazofuata hazisimuliwi sana. Walakini chombo chochote hununuliwa kwa siku moja, na hutunzwa kwa miaka mingi. Na katika miaka hiyo ndipo tunapopaswa kutafuta sababu ya kufaulu au kushindwa kwa mwenye chombo. Jambo hili laonekana wazi katika habari za gari moja dogo lijulikanalo na kila mtu katika magharibi ya Kenya, yaani pikapu.

Kanduyi ni njia panda iliyo karibu na mji wa Bungoma, kwenye barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Malaba. Upande wa kaskazini kuna miteremko ya Mlima Elgon ilimwayo kahawa. Upande wa mashariki, ng'ambo ya Webuye, ziko nchi za Trans Nzoia na mji wa Kitale, penye mahindi mengi. Reli iliyopita Eldoret na Bungoma ilifika Kampala mwaka 1931, na tawi la Kitale lilikuwa limekwisha kujengwa mwaka 1926. Lakini reli haiingii shambani. Kutoka ghalani hadi stesheni au sokoni, mkulima alitegemea kichwa chake, punda wake, au mkokoteni wa ng'ombe. Na asiyekuwa na hivyo alimuuzia mlanguzi mlangoni pake kwa bei aliyopewa.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, wakulima na wachuuzi wenye uwezo kidogo walianza kununua magari yao wenyewe. Miongoni mwa yaliyopendwa sana ni yale ya Peugeot, kwanza 404, kisha 504 ambayo pikapu zake ziliendelea kuonekana barabarani kwa miaka mingi. Sifa zake zilienezwa na mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968. Katika mashindano ya mwaka 1963 yalianza magari 84, na yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Basi watu wakasema kwamba gari hilo halishindwi na njia.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana wengi walilichukua somo hilo nusunusu. Gari la mashindano halikuachwa lijiendee. Mafundi walilingojea njiani, wakalikagua, wakabadili kilicholegea kabla hakijavunjika. Aliyesifu uimara wa gari akasahau kazi ya fundi alinunua sifa tu.

Adui wa pikapu katika nchi hii ni wawili: vumbi la kiangazi na tope la masika. Vumbi jekundu la murram huingia katika kichujio cha hewa na kukiziba, hata injini ikakosa pumzi, ikala mafuta mengi na kutoa moshi mweusi. Likipenya hadi ndani, husaga vyuma kama jiwe lisagavyo nafaka. Oili nayo hufanya kazi mbili: hulainisha vyuma visisuguane, tena huchukua uchafu na sehemu ya joto. Kadiri siku zipitavyo hujaa masizi na kupoteza nguvu zake. Kwa hiyo humwagwa ikawekwa mpya, pamoja na kichujio chake, kila baada ya kilometa kadhaa zilizoandikwa katika kitabu cha gari. Tope nalo huosha grisi katika viungo vya chini, na kiungo kikavu huliwa upesi. Springi za nyuma hubeba magunia kupita kiasi, na bamba moja likikatika mengine huchukua mzigo wake mpaka nayo yakatike. Kuna kadhalika maji ya rejeta, mkanda wa feni, mafuta ya breki na upepo wa magurudumu. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji elimu kubwa. Yote yanahitaji ukumbusho.

Desturi hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Kabla ya injini kujulikana, mabaharia wa Lamu na Mombasa walipandisha majahazi yao pwani kwa majira, wakayatia kalafati penye nyufa, na kuyapaka deheni upande wa chini ili mbao zisiliwe na wadudu wa baharini. Nahodha hakungoja maji yaingie ndipo ashughulike. Chombo cha mbao baharini na chombo cha chuma kwenye murram vimepatwa na sheria moja.

Yamkini msomaji atasema: maskini atapata wapi fedha za kutunza gari, naye ana karo za watoto? Swali hilo ni la haki. Mwenye pikapu kuukuu aghalabu huchagua kati ya oili mpya na haja nyingine ya nyumbani, na oili huweza kungoja pasipo kupiga kelele. Lakini siku injini inapokwama, hudai gharama iliyo mara nyingi kuliko ya oili, nayo hudai papo hapo. Mara nyingi siku hiyo huwa ni ya mavuno, wakati safari zimekuwa nyingi na mizigo mizito. Hapo mkulima hurudi mikononi mwa yule mlanguzi aliyemkimbia, akauza mahindi yake kwa bei ya mwenye lori. Uhuru wake wa kuuza apendapo ulikuwa umeshikiliwa na vitu vidogo visivyotazamwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tusipite mpaka, hata hivyo, kwa kuusifu ukuukuu wenyewe. Gari ambalo breki zake hazishiki, au ambalo fremu yake imeliwa na kutu, halistahili kubeba watu, hata kama mwenyewe alipenda namna gani. Kutunza kwa kweli ni pamoja na kujua siku ya kuacha.

Wanafunzi wanaosoma habari hizi watakuwa kesho wenye magari, mashine za kusaga, visima na pengine viwanda. Basi na wajizoeze mapema kuweka daftari: leo tumebadili oili, kilometa kadhaa, leo tumesafisha kichujio, springi ya kushoto itazamwe mwezi ujao. Daftari la namna hiyo halina fahari, wala halitasomwa siku ya sherehe. Lakini atakayetaka kujua kwa nini jirani mmoja wa Kanduyi aliendelea kupeleka mazao yake sokoni kwa miaka ishirini, na mwingine akaacha katika mwaka wa tatu, na afungue kurasa zake. Humo ndimo atakamopata sababu.