Mwalimu Aliyekuwa Askofu: Kumkumbuka Silvanus Wani wa West Nile

Sisi walimu wa Kiswahili tuna desturi njema ya kuwakumbuka washairi na waandishi wetu. Lakini wako wengine ambao hatuwakumbuki, kwa kuwa majina yao hayamo katika vitabu vya fasihi. Hao ni walimu waliokipeleka Kiswahili mahali ambapo hakikupendwa, wakakitumia kwa wema. Leo tunamkumbuka mmoja wa watu wa namna hiyo, marehemu Silvanus Goi Wani, Mkakwa wa West Nile, aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 1998.

Ili msomaji aelewe maisha yake, yafaa kwanza aijue nchi yake. West Nile ni pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini. Ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha chini ya Sudan, na mwaka 1914 ndipo ilipotiwa Uganda. Mipaka ilichorwa na wageni. Wakakwa wakajikuta wamegawanyika katika nchi tatu. Kutoka Arua hata Koboko, na vijijini kama Lurujo, mtu husikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili katika soko moja. Kiswahili kilienea huko hasa kwa njia ya biashara na ya askari, maana vijana wengi wa West Nile waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo lugha yake ya kazi ilikuwa Kiswahili.

Wani alianza kazi akiwa mwalimu. Alisomea ualimu, akafundisha shule ya msingi mjini Arua katika miaka ya 1930. Baadaye aliitikia wito wa dini, na mwaka 1943 akapewa ukasisi, miongoni mwa wenyeji wa kwanza wa West Nile kupata daraja hiyo. Toka mwaka 1944 hadi 1946 alikuwa kasisi wa King's African Rifles. Hebu tufikiri kidogo juu ya kazi hiyo. Askari walitoka makabila mengi ya Afrika Mashariki, wala hapakuwa na lugha ya mama iliyowaunganisha. Kiswahili walichokizoea kilikuwa cha amri na adhabu. Kasisi alihitajiwa awafariji wagonjwa na kuwaombea wafu katika jeshi lile lile. Lugha iliyomwamuru mtu apige risasi ndiyo hiyo hiyo iliyoweza kumtuliza moyo.

Vita vilipokwisha alirejea nyumbani kwa mkewe na watoto wake, akatumika Arua na kisha Koboko kwa miaka mingi. Katika sehemu hizo siku zile kanisa na shule vilikwenda pamoja, na kasisi alikuwa mtu wa kuendewa kwa mambo mengi: mtoto wa kutafutiwa nafasi darasani, ndoa yenye ugomvi, mgonjwa asiye na ndugu. Mwaka 1964 alifanywa Askofu wa Uganda ya Kaskazini. Mwaka 1969 akahamia dayosisi mpya ya Madi na West Nile, na kiti alichokiacha kikakaliwa na Janani Luwum.

Kisha likaja jaribu kubwa. Tarehe 16 Februari 1977 Luwum, ambaye sasa alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda, aliuawa katika utawala wa Idi Amin. Mwezi uliofuata Wani alichaguliwa kushika mahali pake. Amin alikuwa Mkakwa, na Wani alikuwa Mkakwa. Si ajabu kwamba wako waliomtazama kwa mashaka. Aprili 1979 Amin alipinduliwa, na kisasi kikawashukia watu wa West Nile, wenye hatia na wasio na hatia. Mamia ya maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Wani akawa mchungaji wa waliolipiza kisasi na wa waliolipizwa, na hao wa pili walikuwa jamaa zake. Aliendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1983.

Kwa nini tunayasimulia haya katika jarida la walimu wa lugha? Kwa sababu Kiswahili nchini Uganda kilipatwa na msiba ule ule uliowapata watu wa West Nile: kilihukumiwa kwa makosa ya wengine. Gavana Gowers alitaka kukieneza mashuleni mwaka 1927, na Kabaka Daudi Chwa akakipinga. Mwaka 1952 kiliondolewa katika lugha za kufundishia. Kikabaki kambini na katika vituo vya polisi. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia wengi walikuwa wamekwisha kukijua kuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayesimamisha magari barabarani. Hata leo yuko mzee ambaye akisikia neno la Kiswahili hushtuka.

Hatudai kwamba Wani alikuwa bingwa wa lugha. Tunasema tu kwamba maisha yake yanatuonyesha kuwa kabila halina dhambi, wala lugha haina dhambi. Mwenye dhambi ni mtu. Na jina lililoharibiwa na mtu husafishwa na mtu, tena polepole, kwa kazi ya kila siku.

Mwaka 2005 Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika katiba yake, na mwaka 2022 serikali iliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri hiyo ni njema, lakini amri peke yake haitoshi. Hata Amin aliamuru. Mwenzetu atakayepelekwa Arua au Koboko asianze na ngeli za majina. Na awatume wanafunzi wake nyumbani wakawaulize babu na bibi walikisikia wapi Kiswahili mara ya kwanza: kambini, sokoni, au njiani walipokuwa wakikimbia. Majibu yaandikwe na kusomwa darasani. Hapo ndipo somo litakapoanzia.