Umri wa Utumishi wa Setilaiti ya RASCOM-QAF1 na Historia ya Mawasiliano ya Vijijini Afrika

Umri wa setilaiti ya mawasiliano haupimwi kwa uchakavu wa mitambo yake pekee, bali hasa kwa mafuta yaliyomo matangini. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huzunguka sambamba na dunia, hivyo kutoka ardhini huonekana imetulia mahali pamoja. Hata hivyo, mvutano wa jua na mwezi huisogeza daima, na kila marekebisho hutumia mafuta. Yakikaribia kuisha, utumishi hukoma hata kama mitambo ya redio ingali mizima. Historia ya RASCOM-QAF1 inadhihirisha kuwa kanuni hiyo ya kifundi inaweza pia kuamua hatima ya mradi wa kisiasa.

Shirika la RASCOM, lenye makao makuu mjini Abidjan, liliundwa na nchi za Afrika mwaka 1992. Lilikusudia kuziunganisha nchi hizo bila simu zao kupitia Ulaya, na kufikisha huduma vijijini kwa gharama nafuu. Mazingira ya Ibaba, katika milima ya wilaya ya Ileje, yanafafanua mantiki ya kusudio la pili. Milima huzuia mawimbi ya minara, ilhali setilaiti iliyopangiwa nyuzi 2.85 mashariki ingekuwa upande wa magharibi wa anga ya Ibaba, zaidi ya nyuzi 50 juu ya upeo wa macho.

RASCOM-QAF1 ilirushwa kutoka Kourou tarehe 21 Desemba 2007 kwa roketi ya Ariane 5. Ilitarajiwa kutumika kwa miaka 15. Ilipokuwa ikipandishwa kwenye mzingo wake, heliamu, gesi inayosukuma mafuta kutoka matangini, ilivuja. Setilaiti ilifikishwa mahali pake kwa utaratibu wa dharura, lakini makadirio ya umri wake yalishuka hadi takriban miaka miwili. Mbadala wake, RASCOM-QAF1R, ulirushwa tarehe 4 Agosti 2010.

Kati ya tarehe hizo mbili, mazingira ya biashara yalibadilika. Kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Afrika Mashariki mwezi Julai 2009, ikafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Kebo hizo ziliipa miji njia ya mawasiliano ya kimataifa isiyotegemea setilaiti. Hazikuondoa hitaji la maeneo ya milimani yaliyo mbali na pwani. Kwa hiyo, hasara ya uvujaji ule haikuwa ya chombo tu. Setilaiti ya pili iliweza kurejesha mitambo iliyopotea angani, lakini haikuweza kurejesha kipindi ambacho mradi huo wa Afrika ungejijenga kabla ya ushindani wa kebo.