Sasa ya Nani?

Kusasisha ni neno ninalolipenda kwa sababu limezaliwa humu humu ndani. "Sasa" limepewa viambishi likawa kitenzi: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Lakini anayesimamia kompyuta za Linux katika shule au ofisi ya Tukuyu hufikishwa mahali ambapo neno hilo halimtoshi. Katikati ya sasisho la Debian au Ubuntu, kazi husimama. Faili la programu, mfano /etc/squid/squid.conf, umelibadilisha wewe, na mtunzaji wa programu ameleta lake jipya. Ukibonyeza Y unapokea la kwake, N unabaki na lako, D unaonyeshwa tofauti. Hapo zipo sasa mbili, ya mtunzaji wa programu na ya anayetumia, na istilahi zetu hazijazitenga.

Wengi huliita faili hilo "faili la usanidi." Kusanidi ni kutunga, kubuni. Kunamfaa aliyeanza na ukurasa mtupu. Mwalimu wa maabara ya kompyuta hatungi. Ameongeza mstari mmoja wa kuruhusu kompyuta za wanafunzi, akafuta alama ya reli (#) mbele ya mwingine. Huyo anapanga. Na tazama utajiri wa kupanga: tunapanga viti, tunapanga safari, tunapanga nyumba ya mtu. Ndivyo tunavyoishi ndani ya programu: kuta zimejengwa na wengine, ila kitanda tunakiweka tunapotaka. Usanidi basi ubaki kwa mtunzaji, mipangilio iwe ya mtumiaji. Swali zima litatimia kwa Kiswahili bila maelezo: upokee usanidi wa mtunzaji, au ubaki na mipangilio yako?

Kifurushi, neno la programu iliyofungwa tayari kusakinishwa, kimeshatekwa na kampuni za simu. Ukikitaja sokoni Tukuyu, watu wanafikiria bando. Furushi lingali huru, tulichukue.

Kinachoonyeshwa na D tukiite tofauti au hitilafu? Yote mawili yametoka Kiarabu, na huko asili hitilafu nayo ilikuwa tofauti tu, watu kutokubaliana. Kwetu imekuwa ya umeme unaokatika. Kompyuta ikiandika "hitilafu zimepatikana," mtu ataita fundi, kumbe ni mistari miwili isiyofanana. Tofauti ibaki.

Ukibonyeza Enter bila kuchagua, faili lako halibadilishwi. Vitabu huita hilo chaguo-msingi. Silikubali hapa. Msingi hubeba jengo. Hapa mtu amenyamaza, na kunyamaza kwake kumechukuliwa kuwa jibu. Jibu la kimya linasema hasa kilichotokea.

Kisha kuna mikia ya majina ya mafaili. Debian huacha .dpkg-old au .dpkg-dist, Fedora huacha .rpmnew, lililowekwa kando ya lako, au .rpmsave, ambalo ni lako lililoondolewa njiani. Tukuyu inaijua desturi hii ya kuongeza "mpya." Enzi za Wajerumani iliitwa Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. "Mpya" husaidia mradi mtu anakumbuka ya zamani. Faili likikaa miaka mitatu na mkia wa "new," upya wake ni wa lini? Afadhali mikia imtaje mwenyewe: .la-mtunzaji, .la-kwako.

Limebaki tendo kubwa kuliko yote, la kuyakalisha mafaili mawili na kupata moja. Kuchanganya hatulitaki, aliyechanganyikiwa hajui aendako. Kuunganisha ni kufunga viwili pamoja, na mistari itajirudia. Kuoanisha ndilo: rangi huoana, kauli huoana, kila kimoja kikikubali kilichomo kwa mwenzake. Aliyebonyeza D, akasoma mstari kwa mstari, akauacha wa maabara yake na kuingiza kinga mpya ya mtunzaji, ameoanisha. Neno hilo naliombea nafasi katika miongozo tunayowaandikia wanafunzi wetu, wenzangu, kabla "kumeji" (merge) halijazoeleka.